Siku Tisa za Keturah

Barua ilikuwa imeshaandikwa. Ilikaa mezani kwa Bibi Thelma Bloor, imeegemezwa kwenye kopo la sukari, stempu imebandikwa, na mbele jina la mwanamume anayeitwa Graham Pickstock. Jumatano asubuhi nilipopita kumpelekea maziwa, Tabitha wangu nimemfunga kifuani, aliniona ninavyoitazama. Akasema haijafungwa bado. Ikitiwa posta Ijumaa kabla ya saa sita, Jumamosi itakuwa imemfikia, na Jumapili hatakuja.

"Na usipoitia?" nikamuuliza.

"Basi Jumapili saa nane mchana atasimama mlangoni pangu aniulize kwa nini nilimtupa. Nitamjibu nini, mwanangu?"

Thelma ni jirani yangu, ukuta mmoja tu ndio unaotutenganisha. Ana miaka sabini na tisa. Arobaini na mmoja kati ya hiyo aliimaliza viwandani hapa mjini, akichora mstari wa dhahabu kwenye kingo za vikombe, na mpaka leo mkono wake hautetemeki. Ukimkaribisha chai, kabla hajaketi hukigeuza kisahani kutazama muhuri wa kiwanda. Vya kwangu alivigeuza siku ya kwanza tulipohamia, akavirudisha taratibu, akanipa pole kama mtu aliyefiwa. Ana mdomo. Lakini habari ya Graham hakuwahi kunigusia hata siku moja, mpaka mwezi uliopita aliponiletea barua ya mtu huyo nimsomee. Macho yake yana mtoto wa jicho, anangoja zamu ya kupasuliwa.

Graham ni mwanawe. Alimzaa akiwa na miaka kumi na minane, hana mume, katika nyumba ya watu wa kanisa waliowapokea wasichana wa namna hiyo, mbali na hapa. Alimnyonyesha wiki sita. Kisha akawekewa mbele yake karatasi ya kumtoa mtoto alelewe na watu wengine, akatia sahihi. Aliporudi nyumbani alimkuta bibi yake aliyemlea, Vinnie, anamenya viazi. Bibi hakumuuliza safari wala afya. Hakugeuka hata kumtazama. Alisema maneno mawili tu: "Keturah mtupu."

Katika nyumba ile hapakuwa na tusi kubwa kuliko hilo. Keturah Sherratt alikuwa mama yake Vinnie mwenyewe. Vinnie aliwasimulia wote, wanawe na wajukuu, kwamba alipokuwa na miaka minne alisimama getini kwenye nyumba ya maskini, walikohifadhiwa wasio na kitu na kufanyishwa kazi, ameshikwa mkono na bawabu, akamwona mama yake anatoka, anashuka barabara, hageuki. Hakumwona tena. Tangu hapo mtu wa ukoo wao akiacha kazi, akiacha mke, hata paka akihama nyumba, wanasema ana Keturah ndani yake. Wengine walisema kwa kucheka. Thelma alilibeba neno hilo miaka sitini na moja.

Ndiyo maana bahasha ilikuwa wazi. Alikuwa amejiwekea sharti: kwanza ajue Keturah alikuwa mwanamke wa namna gani. Akiwa ni kama bibi alivyosema, basi damu ni ile ile, na heri yule mwanamume abaki alikozoea. Nilijaribu kumwambia damu haifanyi kazi hivyo.

"Wewe una miaka ishirini na sita na mtoto wako umemfunga kifuani," akasema. "Nyamaza."

Nikayaweka maziwa mezani.

Misimu miwili ya baridi alikuwa akienda ofisi ya kumbukumbu kuwatafuta watu hao. Alianza na sensa. Akampata Keturah kijana, ameolewa na Enoch Sherratt, kazi ya mume huyo kuchovya vyombo vya udongo kwenye maji ya kung'arishia. Maji yale zamani yalikuwa na madini ya risasi, na hapa kwetu kila mtu anajua yalivyowamaliza wachovyaji. Halafu vyeti vya kuzaliwa watoto: watatu kwa miaka mitano, na kila cheti mtaa mwingine, kila mtaa nyumba ndogo kuliko ya kwanza, ya mwisho ikiwa chumba kimoja nyuma ya tanuri la kiwanda. Halafu maziko. Wavulana wawili ndani ya mwezi mmoja. Kisha Enoch, miaka thelathini na moja, na kwenye cheti daktari ameandika sumu ya risasi. Akabaki Keturah na Lavinia, yaani Vinnie. Mwaka uliofuata wakaingia nyumba ya maskini.

Hapo njia ilikatika, kwa sababu daftari la kuingia na kutoka la nyumba ile lilikuwa limepelekwa kushonwa upya. Lilirudi wiki hiyo hiyo. Na ofisi, siku za wiki zilizobaki kabla ya Jumapili, ilikuwa inafunguliwa Alhamisi tu. Kwa macho yake yale, Thelma alihitaji mtu wa kukaa naye. Akaniomba mimi, huku akiangalia dirishani.

Alhamisi tukafika kabla hawajafungua. Masharti ya pale ni mengi: mikoba unaiacha kabatini, kalamu ya wino hairuhusiwi, ni penseli tu, na maji ya kunywa hayakaribii meza. Mama wa mapokezi alimtazama Tabitha kana kwamba nimeingia na mbuzi. Mwishoni akakubali, ila mtoto akilia tu, nitoke. Nikapiga hesabu. Mara ya mwisho alikuwa amenyonya saa mbili na nusu asubuhi. Angelala mpaka saa tano hivi, nikiwa na bahati.

Aliyetuhudumia ni Bwana Fallows, mwalimu mstaafu anayejitolea pale. Ni mtu mwema, anazisoma hati za zamani kama sisi tunavyosoma bango la duka, ila ana haraka ya watu wanaojua sana. Alilileta daftari mikononi kama mtu aliyebeba keki, akalilaza juu ya mto, akaanza kufunua. Thelma aliketi wima, koti hajavua, mikono juu ya meza. Nilimwangalia vidole. Vilikuwa vimetulia kabisa, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

"Huyu hapa," akasema Bwana Fallows. "Keturah Sherratt, mjane. Lavinia, miaka mitatu. Wameingia Oktoba." Akafunua. "Januari ametoka kwa ombi lake mwenyewe, na mtoto. Amerudi." Akafunua tena. "Ametoka. Amerudi. Februari, ametoka, amerudi. Loo, tena."

Alihesabu mpaka kumi na moja. Kisha akaegemea kiti, akasema alikuwa na wasiwasi wa jambo kama hilo. Akatueleza kwamba wasimamizi wa nyumba zile walikuwa na jina la watu wa aina hiyo, watu wa ingia-toka. Mtu akichoka na utaratibu wa ndani anaomba kutoka, anazurura, anakunywa, njaa ikimbana anabisha tena. Waliwasumbua sana, na watoto wao wakaburuzwa huku na huku kwenye baridi.

"Mlevi," akasema Thelma. Hakuwa anauliza.

"Wengi wao, ndiyo. Pole, Bi Bloor. Vitabu hivi havimpambi mtu."

Thelma akainuka, akaanza kufunga vifungo vya koti, kuanzia chini. Akaniambia twende, ana barua ya kutia posta. Sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, kama anayekumbuka kununua mkate. Nilitaka kusimama, lakini Tabitha alikuwa ameanza kujinyonganyonga, na nikajua nikiinuka ghafla ataamka. Kwa hiyo nikabaki nimekaa, mkono mgongoni kwake, macho kwenye daftari kwa sababu ndilo lililokuwa mbele yangu.

Mimi si mtu wa vitabu. Niliangalia tu mistari ya Keturah kama mtu anavyoangalia ufumaji, na nikaona kwamba pembeni kabisa, kwenye safu nyembamba, maneno mawili yanajirudia. Penye kutoka, neno lile lile. Penye kuingia, neno lile lile jingine. Nikamuuliza Bwana Fallows ni nini.

Akasema hicho ni chakula. Waliandika chakula cha mwisho alichokula mtu kabla ya kutoka, na cha kwanza baada ya kuingia, wasije wakamlisha mara mbili.

"Na hapa ni kipi?"

Akainama. "Kifungua kinywa."

"Na akirudi?"

"Chakula cha jioni."

"Cha siku gani?"

Akatazama tarehe. Akasogeza kidole mstari wa pili, wa tatu. "Siku hiyo hiyo," akasema. "Zote ni siku hiyo hiyo."

Thelma alikuwa amefika kifungo cha tatu. Mkono ukaishia hapo.

Nikasema, kwa sauti ndogo kwa ajili ya Tabitha, kwamba sijawahi kuona mlevi anayetoka baada ya kifungua kinywa, amembeba mtoto, akarudi kabla ya chakula cha jioni, mara kumi na moja, hachelewi hata mara moja. Bwana Fallows akakubali kwamba ni ajabu kidogo. Nikamuuliza watoto walilala wapi mle ndani. Akasema upande wao, nyuma ya ukuta mwingine. Mama alikuwa upande wa wanawake, kwenye kufua.

"Alikuwa anamwona mtoto wake?"

"Kwa ruhusa. Jumapili labda, kama msimamizi ameamka vizuri."

"Na akitaka kutoka?"

Akavua miwani. "Mzazi hakuruhusiwa kutoka bila watoto wake," akasema polepole. "Waliogopa kuachiwa. Akiomba kutoka, mtoto analetwa getini, anakabidhiwa."

Joto la kichwa cha Tabitha lilikuwa chini ya kidevu changu. Sikuwa na haja ya kufikiri.

"Basi alikuwa anatoka ili apewe mtoto wake," nikasema.

Mama wa mapokezi aliacha kuchapa. Bwana Fallows aliendelea kutazama ile safu, akasema ana miaka kumi na minne anasoma madaftari haya, na safu ile huiruka.

"Endelea," Thelma akamwambia. Alikuwa bado amesimama. "Siku ya getini. Siku aliyotoka peke yake. Itafute, maana ipo. Bibi yangu hakuwa mwongo."

Hapo ndipo Tabitha alipoamka. Hakuanza kwa kunung'unika, alipiga ukelele mmoja uliojaa chumba kizima, na mama wa mapokezi akainuka. Nikamtazama Thelma. Akanifanyia ishara ya mkono, nenda.

Nilimnyonyeshea kwenye benchi la korido, mbele ya mlango wa kioo. Niliwaona bila kuwasikia. Bwana Fallows anafunua. Anafunua. Kidole chake kinasimama. Midomo yake inasogea kidogo, kisha anamtazama Thelma kabla ya kuendelea, kama daktari anayetaka kujua mgonjwa ataweza kusikia. Thelma akavuta kiti, akakaa. Bwana Fallows akaenda kuleta daftari jingine, dogo, la ngozi nyekundu. Wakalinganisha. Nilimhamishia Tabitha titi la pili.

Thelma alinisimulia tulipokuwa tukitembea kurudi, maneno machache kila mtaa.

Siku hiyo ipo. Novemba tarehe nne, mwaka wa 1889. Keturah alitoka peke yake kwa ruhusa ya siku tatu, kutafuta kazi. Mtoto alibaki kama dhamana. Siku tatu zikapita. Pembeni, kwa wino mwekundu, wameandika: amemtelekeza mtoto. Tarehe kumi na mbili, lile daftari jekundu linasema, bodi ya nyumba ile ikakaa, ikaamua Lavinia awe mikononi mwa bodi mpaka afike miaka kumi na sita, mama asiwe na neno juu yake tena.

"Na Keturah?" nikauliza.

"Alirudi tarehe kumi na tatu."

Tukavuka barabara.

"Siku ya tisa," akasema. "Kesho yake tu baada ya bodi kukaa. Wameandika amerudi, miguu ina vidonda. Hawakuandika alikuwa wapi."

Baada ya hapo hakutoka tena. Kwa kuwa hata akitoka asingepewa mtoto. Alikaa mle miaka minane na miezi kadhaa, akifua, nyuma ya ukuta ule ule, mpaka Aprili ile ambayo Vinnie, miaka kumi na mitatu, alipelekwa kufanya kazi kwenye nyumba ya tajiri mmoja. Vinnie alitoka tarehe mbili. Keturah aliomba kutoka tarehe tatu, baada ya kifungua kinywa. Toka hapo hayupo. Hayupo kwenye maziko wala kwenye sensa iliyofuata. Bwana Fallows aliahidi kuendelea kutafuta, ila alisema wanawake wa namna hiyo hubadili jina, wakapotea.

"Kwa hiyo alikuwepo," nikasema. "Miaka yote hiyo."

"Hatua sitini kutoka kwake. Na bibi yangu amekufa anamtukana."

Nilitegemea atalia, au atafurahi. Alikuwa amekasirika. Mlangoni kwake hakunikaribisha.

Ijumaa saa tano na nusu, nikianika nguo za Tabitha juu ya hita karibu na dirisha, nilimwona ametoka na koti na bahasha mkononi. Alitembea mpaka kwenye sanduku jekundu la posta mwisho wa mtaa, akasimama. Nikaacha nguo. Alisimama muda mrefu kiasi kwamba mtu mmoja mwenye mbwa alimuuliza kitu, akamtikisia kichwa. Kisha gari la posta likaja likaegesha kati yake na mimi, na sikuona chochote tena. Lilipoondoka alikuwa anarudi, mikono mfukoni.

Jumamosi niligonga mara mbili. Redio ilikuwa inazungumza ndani, lakini hakufungua. Nilimwambia mume wangu sijui kama ile barua imeenda. Akasema niache mambo ya watu. Usiku huo sikulala vizuri, na wa kunisumbua hakuwa Tabitha.

Jumapili saa saba na dakika chache, gari la kijivu likasimama upande wa pili wa barabara. Ndani yake mwanamume mwenye mvi, tai shingoni. Hakushuka. Alizima injini akakaa, mikono juu ya usukani, kama mtu aliyefika mapema mahali pa usaili. Nikamfunga Tabitha nikapita mlango wa nyuma.

Thelma alikuwa jikoni, amekaa na koti lake, bahasha mapajani. Chapati za oti na jibini alikuwa ameziandaa kwenye sahani tatu, zimefunikwa kitambaa. Nywele alikuwa amezitengeneza.

"Sikuitia posta," akasema. "Lakini siwezi kusimama."

Nikamwambia yuko nje tangu saa saba. Akasema anajua. Nikamuuliza nimfungulie mimi? Akanikataza nisiguse mlango ule. Tukakaa. Saa ya ukutani ilikuwa na sauti ambayo sijawahi kuisikia siku nyingine. Saa nane kamili mlango wa gari ukafungwa, hatua zikaja, akagonga.

Thelma hakuinuka.

Akagonga tena, pole zaidi. Kupitia kioo cha mlango niliona kivuli chake kimeinamisha kichwa. Tabitha akatoa sauti ndogo, na nadhani aliisikia, maana alisogea karibu. Kisha akasubiri, na kusubiri kwake kulikuwa kwa adabu mno, kwa mtu aliyezoea kutosumbua. Mwisho kivuli kikaondoka kwenye kioo.

Nikasema, "Bibi Thelma, anakwenda."

Aliinuka. Sikumwona akishika meza wala ukuta. Alipita mbele yangu na ndala zake za ndani, akafungua mlango kwa nguvu hadi ukagonga ukuta. Mwanamume yule alikuwa ameshafika barabarani, funguo za gari mkononi. Akageuka. Wana kipaji kimoja cha uso, yeye na Thelma, hata mimi niliyesimama nyuma kabisa nilikiona.

Hakumpa nafasi ya kuuliza. Labda aliogopa akimwacha aanze, hataweza.

"Nilirudi," akasema. "Nilitia sahihi Ijumaa. Nikarudi Jumanne na kikapu, nikawaambia nimebadili mawazo. Walikuwa wamekutoa Jumatatu."

Yule mwanamume hakusogea. Gari moja lilipita nyuma yake.

"Hilo sikuambiwa," akasema.

"Hakuna aliyejua. Mimi mwenyewe nilikuwa naona halihesabiki."

Akatazama chini, akazitazama zile funguo. Nilidhani atasema kitu kikubwa. Aliuliza, "Jumanne saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi. Mvua inanyesha. Walinisimamisha ukumbini nusu saa kabla ya kuniambia."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama mtu anayeweka kitu mahali kinapokaa. Kisha akarudi kwa kupita katikati ya vyungu vya maua, na Thelma akasogea upande kumpisha. Alikuwa mrefu. Ilibidi ainame kuingia.

Mimi nilitoka kwa mlango wa nyuma. Sahani moja kati ya zile tatu nadhani ilikuwa yangu, lakini niliiacha.